Nchi Iliyokatwa kwa Mkasi

9 Machi

Dada yangu,

Huku hatujambo, hatujambo ya kula na kutembea. Wifi yako amepona mgongo na amerudi kazini. Mabinti wamefanya mitihani yao, mkubwa kafaulu kwa kishindo, mdogo kapenya kwenye tundu la sindano, na wote wanamsalimu shangazi yao. Mimi bado niko karakanani na meno yangu ya bandia. Juzi mteja mmoja alirudisha seti nzima ya juu akidai inamfanya afanane na mkwewe. Nikamuuliza mkwewe ana ubaya gani, akaondoka bila kuaga.

Simu yako haishikiki. Mama kanieleza kwa simu ya jirani kwamba umeizima ukaitupa kabatini, umechoka na watu wa kutoa pole. Sikulaumu. Basi naandika, kama enzi zile ulipokuwa bweni na mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia habari za nyumbani, nusu yake za uongo.

Sasa kilichonifanya nikae chini. Unaukumbuka ule mchezo wa mwanao Babu, wa kete na masimulizi, ambao wewe ulikuwa ukiuita kikao cha waongo. Mmoja anakuwa msimulizi, waliobaki kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya hadithi, na panapotokea jambo la hatari zinarushwa kete kuamua nani anapona. Kampuni yenye mchezo ilichapisha kitabu cha nchi ya kubuni, na kwenye ramani yake ikaacha robo nzima tupu, makusudi, ili wachezaji waijaze wenyewe. Wengi wamejaza. Lakini robo aliyoijaza mwanao ndiyo inayochezwa kuliko zote, Dada. Sisemi kwa kuwa ni mpwa wangu. Iko kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa kazi za mashabiki, bure kabisa, na anayeuendesha ni mwalimu wa hesabu aliyeko nchi nyingine, sote tunamwita Mwalimu.

Ukurasa huo unafungwa, kazi zote zinahamishwa kwingine. Kampuni imekubali, ila imeweka sharti: kila kazi iwe na ruhusa ya maandishi ya aliyeitunga, na kama hayupo duniani, ya mzazi wake. Isiyo na ruhusa inafutwa mwisho wa Septemba. Fomu nimeiweka humu. Ni sahihi yako tu.

Na jambo la pili. Babu alishatuma Kaskazini yote ya robo yake. Kusini aliimaliza kwenye karatasi lakini hakuwahi kuipiga picha. Ni karatasi kubwa, ngumu, za rangi ya kaki. Ziko chumbani kwake, nadhani chini ya kitanda. Ungenitumia.

Ni mimi mdogo wako.

—

2 Aprili

Mdogo wangu Meno,

Barua imefika imelowa pembe moja, nikaianika juu ya pasi. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Anauliza utamrekebishia lini meno yake ya chini, maana ni aibu mtu mwenye mwana fundi wa meno kutafuna upande mmoja. Jirani wa ukuta wa kushoto amehama, amekuja mwenye redio kubwa zaidi.

Mimi nashona. Asubuhi nashona, mchana nashona. Wateja wengine wananiambia nimekonda, wengine nimenenepa, kwa hiyo nadhani niko vilevile. Silii. Watu wanadhani najikaza, wananisifu kabisa, nami sijikazi hata kidogo. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na unakubeba, lakini huusikii.

Fomu nimeiona. Nimeiweka kwenye kopo la vifungo ili isipotee. Makaratasi hayo unayoyasema sijayaona. Chumba nimekifagia, kitanda nimekitandika, hakuna kitu. Huyo Mwalimu wako mwambie kila mtu ana kazi zake.

Nikuulize kitu kimoja. Jumanne ya wiki ile ya msiba mlizungumza na Babu kwa simu karibu saa nzima. Nilikuwa napiga pasi upande wa pili wa pazia. Alicheka, kisha akanyamaza sana, kisha akasema, "Sawa, mjomba, nitaenda." Aende wapi? Hakuwa na safari. Hakunielezea kitu, na Jumamosi ndiyo ile. Nimelizungusha neno hilo kichwani tangu Novemba.

Niandikie hilo kwanza.

Dada yako.

—

28 Aprili

Dada,

Mwambie Mama nimetengeneza meno yake, nimeyafunga kwenye kifurushi hiki kwa pamba, asiyavae kwa hasira. Yakimbana aniambie ni wapi, siyo aseme tu "huku". Wifi yako anauliza kama kile kitambaa cha buluu kilitosha.

Karakana wametuletea mashine mpya ya kuchonga. Kijana aliyekuja kutufundisha anaongea nayo kwa upole kuliko anavyoongea nasi. Nina mataya hamsini ya plasta kwenye rafu mbele yangu hapa ninapoandika, yote yamefumba.

Jumanne ile tulizungumza mambo ya mchezo. Sikumbuki vizuri hilo la kwenda. Huenda ni dukani. Tulikuwa tukizungumza vitu vingi.

Lakini karatasi, Dada, tafuta tena. Ngoja nikueleze ni akina nani wanaozisubiri, usidhani ni wahuni wa vijiweni. Kuna muuguzi wa wodi ya watoto anayecheza na wenzake siku za mapumziko. Kuna dereva wa lori na mkewe. Kuna mjane mmoja aliyeanza kucheza ili apate watu wa kuongea nao, sasa ndiye msimulizi hodari kuliko wote, na akikasirika anaangusha mlima. Wote hao wamekaa ndani ya nchi ya mwanao miaka mitatu. Wanajua mito yake. Wanagombana kuhusu bei ya chumvi katika mji aliouandika yeye pale mezani kwenu akiwa na homa. Na mimi humo ndani ni mng'oa meno anayetembea na koleo, tabia mbaya, mwoga wa farasi. Babu ndiye aliyenipa uoga wa farasi. Nilikataa, akasema msimulizi hapingwi.

Yeye aliwaahidi Kusini. Maneno yake ya mwisho kwenye ule ukurasa ni hayo: "Kusini inakuja." Kila siku kuna mtu anaingia kuuliza kama imefika. Wengine hawajui kwamba amefariki.

Angalia nyuma ya kabati. Na usisahau fomu.

Mdogo wako.

—

11 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Nilikuwa na mafua, halafu nikapona, halafu sikuandika. Meno ya Mama yamekaa sawa. Kitambaa cha buluu kilitosha, kikabaki kipande cha mfuko.

Karatasi zipo. Zilikuwepo siku zote.

Wiki mbili baada ya kumzika niliingiwa na oda ya sare, shule nzima, mashati na sketi za saizi zote, na karatasi zangu za kukatia zilikuwa zimechakaa, kingo zimeliwa na chaki na mkasi. Unajua ninavyofanya kazi. Sipimi mtoto mmoja mmoja. Nakata umbo la kila kipande kwenye karatasi ngumu, mgongo, kifua, mkono, kola, nalalisha juu ya kitambaa, napitisha chaki, nakata. Bila karatasi hizo mimi ni mtu mwenye mkasi tu. Niliingia chumbani kwake nikavuta lile bunda chini ya kitanda. Upande mmoja ulikuwa umeandikwa na kuchorwa, wa pili safi. Nikalaza upande safi juu.

Ungependa niseme nilidhani ni takataka. Sikudhani. Nilijua ni zake. Nilihitaji karatasi, zilikuwepo, mkono ukakata. Nilikata tangu asubuhi hadi mchana na sikusikia kitu chochote, ndiyo maana siwezi hata kukuambia nilijuta. Nilishona oda nikaimaliza siku mbili kabla. Mwalimu mkuu alinisifu.

Nchi ya mwanangu imetundikwa hapa kwenye msumari kwa vipandevipande. Vimeandikwa kwa mwandiko wangu: kifua saizi ya nane, kifua saizi ya kumi. Naitumia kila siku. Upande wake sijauangalia, naushika kwa kugeuza uso. Vile vibaki vya pembeni na katikati niliviwashia jiko.

Sasa umejua. Nawe hujanijibu kuhusu Jumanne. Duka gani hilo mtu anakubali kwenda kwa sauti ile?

Dada yako.

—

30 Juni

Dada,

Sote wazima. Nianze na hilo liishe.

Barua yako niliifungulia kazini. Nilikuwa na taya la mteja mkononi, likaanguka likapasuka vipande vinne, nikakaa kuvitazama. Sikukasirika. Nilitaka kukasirika ili nipate nafuu, haikuja. Umekata kwa mkasi, sawa. Mimi nilichofanya sikutumia hata mkasi.

Jumatatu ya wiki ile Babu alianguka kule ghalani alikokuwa karani. Alizimia, wakambeba hadi zahanati. Wakamwambia moyo wake unarukaruka, wakamwandikia barua aende hospitali kubwa apimwe, aende upesi. Alinieleza hiyo Jumanne. Akacheka kwanza, akasema ameanguka kama gunia na wapakizi wakamwekea alama ya chaki. Akaniomba nisikuambie, kwamba wewe utaacha kazi ukae kitini ukimlinda. Nikamwambia aende. Hilo nililisema, Dada, nakuapia. Akasema amebakiza karatasi mbili tu za Kusini, akimaliza ataenda. Ndipo nikamwambia, "Maliza haraka basi, watu wanasubiri." Akasema, "Sawa, mjomba, nitaenda."

Alimaliza Ijumaa. Alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Kusini imekwisha, mjomba." Nikamjibu kwa kupiga makofi yale ya kwenye simu. Jumamosi ulinipigia wewe.

Sikumwambia aende kesho yake asubuhi. Nilimwambia amalize. Na sikukuambia wewe, siyo Jumanne, wala siku ya mazishi nilipokaa karibu yako kwa muda wa saa sita nikikushika bega. Nilikuwa nikikushika bega na neno hilo mdomoni.

Geuza karatasi, tafadhali. Sina haki ya kukuomba kitu, lakini geuza.

Mdogo wako.

—

14 Agosti

Dada,

Wiki sita. Nimempigia jirani yule wa redio, anasema unaonekana dirishani na cherehani inasikika, basi najua upo. Mama akasogezewa simu akasema, "Dada yako hataki kusikia jina lako, umefanya nini?" Nikamwambia sijui. Nimemdanganya na Mama sasa.

Mkubwa wetu amepata nafasi ya chuo. Ndiyo habari tuliyonayo.

Mwalimu ameandika tena. Nilimjibu kwamba familia inafikiria. Sikumweleza zaidi.

Mdogo wako, kama bado.

—

29 Agosti

Mdogo wangu,

Mpe binti hongera. Mwambie shangazi atamshonea sketi mbili za chuo, anitumie kiuno chake na urefu, apimwe na mama yake, siyo ajipime mwenyewe akibana pumzi. Mama hajambo. Nilimwambia tuligombana kuhusu meno yake, akasema alijua.

Barua yako nilipoisoma nilishona sketi arobaini kabla ya kuisoma mara ya pili. Sina la kukuambia kuhusu hilo. Nimelitafuta, halipo. Nikilipata nitakuambia, na likiwa baya utalisikia vilevile. Usikae ukilisubiri mlangoni.

Nimezigeuza.

Nilizishusha zote msumarini nikazilaza sakafuni upande wake juu. Sikujua kama yule mtoto alikuwa na mwandiko mzuri hivyo, alipokuwa akiniandikia orodha ya sokoni nilikuwa nasoma kwa kubahatisha. Mgongo wa shati saizi ya kumi na mbili una mji unaitwa Pindo. Kwenye mkono wa kulia saizi ya nane unapita Mto Bobini, umejizungusha kama uzi wa cherehani, unaanzia kwapani. Kuna Bonde la Marinda. Kuna milima midogo mitano mfululizo, Vifungo, na wa nne haupo, ameandika, "Ulipotea, unatafutwa." Nchi nzima ya Kusini ameijenga kwa vitu vya chumba changu, Meno. Na mimi nilikuwa namwona amevaa vile vitu vyake vya masikioni, nikajua hanisikii ninapohangaika na wateja.

Alikuwa anasikia. Ameandika hivi: "Watu wa Pindo hawana mfalme. Wana mwanamke anayekupima kwa macho tu. Akikuambia umekonda, umekonda. Hutozwa ushuru kila anayempinga. Akiwa ametoka kidogo, mji wote hunong'ona, na akirudi hujifanya wanafanya kazi." Anaendelea nusu ukurasa, na katikati ya sentensi mkasi wangu umepita.

Nilikaa hapo sakafuni. Nikangoja nilie, kwa sababu niliona hapa sasa ndipo penyewe, na sikulia. Nilikaa mpaka Mama akapita akaniuliza kama nimepoteza sindano. Nikamwambia ndiyo.

Maumbo yangu nimeyahamishia kwenye karatasi mpya, siku tatu za kazi. Hizi ni zake, nakutumia, nimezifunga pamoja na mbao mbili zisikunjike. Ni vipande thelathini na kimoja. Fomu sijatia sahihi. Kila nikishika kalamu naona nikikubali jambo ambalo sijalijua. Kama alikufa akiikimbilia hiyo kazi, mimi niipe ruhusa ya kuishi? Sijui. Usinisukume.

Dada yako.

—

12 Septemba

Dada yangu,

Binti ana kiuno cha inchi ishirini na saba na robo. Robo anaikataa, wewe iweke.

Kifurushi kilifika kizima. Jumapili tulisogeza meza na viti vyote, tukatandaza Kusini kwenye sakafu ya sebule, mimi na wifi yako na mabinti. Ilitushinda hadi wifi yako aliposema tuache kufuata mito, tufuate nguo, mkono uungane na bega. Ndipo nchi ikakaa. Nimepiga picha kila kipande nikamtumia Mwalimu, kwa siri yake tu, nimemwambia hana ruhusa ya kuonyesha mtu hadi useme. Nikamweleza na namna ilivyokatwa. Kisha akaandika kwamba mama yake naye alikuwa fundi nguo, na kwamba ataziweka hivyo hivyo zilivyo, na kingo zake.

Lakini kuna mapengo. Yale uliyowashia jiko. Madogo hayana neno, watu watayaruka. Kubwa ni moja, lile duara pale kifua na mgongo vilipokatwa shingo. Limeangukia katikati ya nchi kabisa, barabara zote nne zinaingia humo na hatujui zinafika wapi. Sheria ya kazi za mashabiki ni kwamba nchi ya mtu haijazwi na mwingine. Mabinti hapa walitaka tuweke ziwa, Mwalimu amekataa katakata. Anayeweza kulijaza ni yeye, na baada yake ni wewe. Usipotaka litabaki tupu, wala hutalaumiwa.

Kuhusu fomu sikusukumi, nakueleza tu nilivyo, kisha ninyamaze. Inafutwa tarehe thelathini, Kaskazini na Kusini, yote. Nikikuambia nataka ibaki kwa ajili yake, nitakuwa nimesema nusu. Nataka kwa ajili yangu. Nilimharakisha kijana aliyekuwa mgonjwa kwa sababu ya kitu hiki. Kikifutwa, nitakuwa nilimharakishia hewa. Kikibaki, angalau nitaweza kukinyooshea kidole. Ndivyo nilivyo mdogo, Dada. Nimeona ujue.

Lile jingine, ulilosema hujalipata, sikuombi useme.

Mdogo wako.

—

21 Septemba

Mdogo wangu,

Mvua zimeanza na paa la chumba cha kushonea linavuja juu ya meza ya kupigia pasi, nimeisogeza. Mama ana kikohozi kidogo, anakitumia vizuri, kila akikohoa analetewa chai. Sketi za binti zimo humu. Robo nimeiweka.

Umesema u mdogo. Ni kweli. Mimi nami nilikata nchi ya mtu aliyekufa ili nisichelewe oda. Tusigombanie nani mdogo zaidi.

Nilijaribu kufikiri kama mnavyofikiri nyie, majeshi na ngome, sikuweza. Mimi sijui kutunga. Nimeandika ninachokitaka pale, nyuma ya fomu, na sahihi yangu iko mbele. Nayanakili hapa ili na wewe uwe nayo, na Mwalimu asije akapunguza.

"Barabara zote nne zinafika kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mlango hauna komeo. Ndani kuna kijana wa miaka ishirini na sita, anachora. Alishakwenda hospitali alikoambiwa aende, wakampima, akarudi. Mama yake alijua, akafunga kazi, akaenda naye. Yuko chumba cha pili, anamkera kwa maswali.

"Mlangoni amekaa mjomba wake. Kazi yake ni moja. Kila siku anamwambia kijana, polepole, hakuna anayesubiri.

"Mgeni akifika apewe kiti na maji. Aulize njia, aelekezwe, aende zake. Asimharakishe mwenyeji.

"Katika nyumba hii kete hazirushwi. Kijana huyu hafi. Hafi kwa vita, wala kwa ugonjwa, wala kwa uamuzi wa msimulizi yeyote, hata awe amekasirika namna gani."

Ndiyo hayo. Mwambie Mwalimu ruhusa yangu imefungwa hapo. Kama wanaweza kulishika hilo, wote, yule muuguzi na yule dereva na yule mjane wa kuangusha milima, basi kazi ya mwanangu ni yao, waitumie bure milele. Kama kuna hata mmoja anayeona hawezi, Mwalimu aichane fomu na aifute nchi yote, Kaskazini na Kusini. Sitamwua mara ya pili ili watu wacheze.

Wewe pale mlangoni, uvae koti. Kuna baridi.

Dada yako.